Kuongeza RAM kwenye desktopu ya zamani: isikilize mashine kwanza, dukani baadaye

Desktopu nyingi zinazoondolewa maofisini na mashuleni kwa madai ya uzee hazijazeeka. Zimepungukiwa RAM tu, ile kumbukumbu ya muda ambamo programu zinafanyia kazi. Nasema hivyo kwa sababu ndiyo kazi yangu hapa Morogoro, kutengeneza kompyuta za steshenari, shule na ofisi ndogo ndogo, na mashine ninazozishika karibu zote ni za ukoo mmoja: Dell OptiPlex, HP Compaq, mara moja moja Lenovo ThinkCentre. Zilitumika nje, zikaingia nchini kama mtumba, zikapita Kariakoo, zikafika kwetu. Ziliundwa kwa ajili ya ofisi kubwa, zinafunguka kirahisi na vipuri vyake bado vinapatikana. Inaniuma kuona mtu anakopa kwenye kikoba anunue kompyuta nyingine wakati aliyonayo ingemvusha miaka kadhaa kwa kipuri kimoja.

Kinachoniuma vilevile ni mtu kununua RAM kwa kuambiwa, akafika nyumbani haiingii, au inaingia na mashine haiwaki. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye yale ya kufanya kabla hujatoa hela. Kuipachika yenyewe ni kazi fupi.

Nitatumia mashine moja kama mfano, maana maelezo ya jumla ndiyo yanayowapoteza watu dukani. Ni Dell OptiPlex 7010, ile ya kasha la kusimama, ya mama mmoja mwenye steshenari jirani na stendi ya Msamvu. Prosesa yake ni Intel Core i5-3470 ya mwaka 2012, ambayo kazi za ofisi inazimudu hadi leo. RAM ilikuwa GB 4, vipande viwili vya GB 2. Windows 10 ya biti 64. Kutwa nzima mashine hiyo ina WhatsApp Web, kwa sababu wateja wanamtumia humo vitu vya kuprinti. Ina Chrome yenye kurasa za maombi ya mkopo wa chuo na za TRA, mamlaka ya mapato. Ina Word, Excel ya mahesabu ya duka, na programu ya kukata picha za pasipoti.

Nilipomwamkia shikamoo aliitikia na lalamiko likafuata hapo hapo: "Marahaba mwanangu. Hii mashine inanifukuzia wateja. Mtu anasubiri karatasi moja mpaka anaondoka." Jirani yake alishamwambia ni virusi. Mwingine akamwambia prosesa imechoka.

Kwanza hakikisha ni RAM kweli

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka. Ikija ndogo, bonyeza More details chini yake. Ingia Performance, halafu Memory. Usisome chochote mashine ikiwa imetoka kuwashwa. Ifanyishe kazi kama siku ya kawaida, fungua kila unachokitumia, ndipo usome.

Kwa yule mama ilionyesha GB 3.6 zimetumika kati ya 3.9, yaani asilimia 92. Watu wengi huishia hapo. Mimi huteremka hadi kwenye neno Committed, ambalo lina namba mbili zilizotenganishwa na mkwaju. Yake ilisoma 7.1/9.4. Namba ya kushoto ni jumla ya nafasi ambayo programu zimeomba na kuahidiwa. Zimeahidiwa GB 7.1, mashine ina 4 tu, basi sehemu kubwa ya ahadi hiyo inategemea faili lililoko kwenye diski. Kila ukihama kutoka Excel kwenda Chrome, Windows inatoa hiki kwenye RAM, inakipeleka diski, inakileta kile. Ukisogeza sikio karibu na kasha unaisikia diski kuu (hard disk) ikikwaruza bila kupumzika, na ukibonyeza kitu jibu linakuja umeshakata tamaa. Hakuna virusi hapo.

Namba hiyo ya kushoto ndiyo pia kipimo cha ununuzi. Ikisoma 7 na kitu, GB 8 ndiyo pa kuanzia. Ikisoma 10 au 11, usijidanganye na GB 8.

Sasa, ikiwa Memory imekaa kwenye asilimia 50 au 60 huku Disk ikigonga 100, RAM haitakusaidia. Hapo kinachohitajika ni SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, badala ya hard disk ya kuzunguka. Mtu mwenye GB 8 tayari na diski ya kuzunguka namwambia wazi anunue SSD. Mwenye GB 4 ambaye Committed yake imezidi mbali, RAM kwanza, SSD ikifuata hela ikipatikana.

Kwenye ukurasa huohuo tafuta Slots used. Ya mama ilisoma 2 of 4: sloti nne, yaani nafasi za kupachikia RAM, mbili ziko wazi. Juu yake kuna Speed. Viandike vyote viwili. Windows 7 haionyeshi mambo haya, ila programu ya bure ya CPU-Z itakuonyesha kwenye kurasa za Memory na SPD. Kwenye Linux, mfumo mbadala wa Windows, andika sudo dmidecode -t memory.

Jambo la biti 32

Bonyeza kulia kwenye This PC, chagua Properties, usome System type. Ukikuta 32-bit, simama. Windows ya biti 32 kwenye kompyuta za kawaida haivuki GB 4, na hata hizo hazitumiki zote, kwa sababu kadi ya picha na vifaa vingine vinachukua anwani zao humohumo. Ndiyo maana utaona mashine imeandikwa GB 4 lakini zinazotumika ni 3 na kitu. Ukiiongezea GB 8 juu yake umetupa hela.

Hapohapo angalia kama pameandikwa x64-based processor. Kama ipo, mashine inaweza kupokea Windows ya biti 64, lakini hakuna njia ya kuivusha na vitu vyake vikiwa ndani. Lazima kusakinisha upya, kwa hiyo nyaraka zote ziende kwanza kwenye flashi au diski ya nje. Kwa wanaobaki na Windows 7, kumbuka nayo ina mipaka yake hata ikiwa ya biti 64: Home Basic mwisho GB 8, Home Premium mwisho GB 16. Professional haina shida.

Jina la mashine linaeleza mengi

Mbele ya kasha pana jina la modeli. Likiwa limefutika, fungua Command Prompt uandike wmic csproduct get name. Ukishalijua, tafuta kwenye tovuti ya mtengenezaji mambo matatu: aina ya RAM, idadi ya sloti, na kiwango cha juu inachokubali.

Aina ndiyo inayowaumiza wengi. Kuna DDR2, DDR3 na DDR4, na hakuna inayoingia kwenye sloti ya mwenzake. DDR2 na DDR3 zote zina meno 240, yaani vile vibati vya dhahabu vya ukingoni, na urefu uleule, ila pengo lililokatwa katikati ya meno halikai mahali pamoja: kwenye DDR2 liko karibu na katikati, kwenye DDR3 limesogea wazi upande mmoja. DDR4 ina meno 288 na ukingo wake wa chini umepinda kidogo. Kwa mashine zilizojaa mitaani kwetu, OptiPlex 755 na 760 ni DDR2, sawa na HP Compaq dc7900. OptiPlex 780 ni DDR3, na zilizofuata, 790, 7010 na 9020, ni DDR3 pia. Ukifika kwenye prosesa za Intel za kizazi cha 6 kuwa macho zaidi: OptiPlex 5040 inatumia DDR3L (DDR3 ya volti ndogo, nitaieleza kwenye stika) na 7040 inatumia DDR4, na zimefanana kama mapacha.

Kiwango cha juu nacho kisikupite. OptiPlex 7010 ya kusimama ina sloti nne na inakubali GB 32, yaani GB 8 kila sloti. Kipande kimoja cha DDR3 cha GB 16 hata ukikipata usikinunue kwa mashine hizi, maana prosesa za Intel za vizazi hivyo haziwezi kukisoma.

Yale makasha madogo kabisa, kama OptiPlex Micro au ThinkCentre Tiny, yanaitwa desktopu lakini yanatumia RAM fupi za laptopu. Ukishika kipande mkononi huwezi kukosea: cha desktopu kina urefu wa sentimita 13 na kidogo, cha laptopu ni karibu nusu yake.

Kuisoma stika

Hapa ndipo ningependa kila mtu atulie, maana stika ndogo iliyobandikwa kwenye kipande cha RAM inaeleza karibu kila kitu, na wengi hawaitupii jicho. Chukua kipande kilichoandikwa hivi: 4GB 2Rx8 PC3-12800U-11-11-B1.

4GB haihitaji maelezo. PC3 maana yake DDR3. Ingekuwa PC2 ni DDR2, PC4 ni DDR4. Ile 12800 ni kasi kwa megabaiti kwa sekunde, na ukiigawa kwa 8 unapata 1600, namba ambayo wauzaji wameizoea zaidi. 10600 ukiigawa unapata kama 1333. Kwa DDR2, 6400 ni sawa na 800. Basi mtu akikuambia hii ni ya 1600 na stika inasema 10600, umeshajua.

Ukiona PC3L, hiyo herufi L inasema kipande kinatumia volti 1.35 badala ya 1.5. Kipande chenye L hukubali pia volti 1.5, kwa hiyo kwenye 7010 hakina tatizo. Kinyume chake ndicho kibaya: mashine za kizazi cha 6 zinazotaka DDR3L usizipachike DDR3 ya volti 1.5, Intel wenyewe hawairuhusu.

Herufi inayofuata namba ya kasi ndiyo yenye mtego mkubwa. U ni ya desktopu za kawaida, ndiyo unayoitaka. S ni ya laptopu. E ina chipu, kile kijisanduku cheusi, ya ziada ya kusahihisha makosa. R ni ya seva. Hizi za R zimejaa sokoni kwa bei ya kuvutia kwa sababu seva nyingi zimefumuliwa, na kwa DDR3 pengo lake liko mahali palepale pa U, kwa hiyo inaingia kwenye sloti vizuri kabisa, klipu zinafunga, halafu mashine haiwaki. Muuzaji anaweza hata kuapa kwamba ni nzima, na ni kweli ni nzima, ila si ya desktopu yako. Soma herufi.

Imebaki 2Rx8. Kwa desktopu ya Intel unataka x8 mwishoni. Ukikuta x4, hiyo ni ya seva, au ni zile za bei rahisi ambazo mara nyingine zimeandikwa kabisa kwamba ni za AMD tu. Kwenye Intel hazitafanya kazi. Na kwa wenye mashine za Core 2 Duo zinazotumia DDR3, kama OptiPlex 780: kipande cha GB 4 kinatakiwa kiwe na chipu 16, nane kila upande. Chenye chipu nane tu upande mmoja, mashine hiyo haitakielewa, hata kama kwenye 7010 kinafanya kazi bila wasiwasi. Hapa hesabu kwa macho yako, stika pekee haitoshi.

Ninunue vipande vingapi?

Vipande viwili vilivyofanana ni bora kuliko kimoja kikubwa. Prosesa hizi zinasoma RAM kwa njia mbili kwa pamoja, lakini kila njia lazima iwe na kipande chake. Na kwa kuwa desktopu nyingi za ofisi hazina kadi ya picha ya pembeni, picha ya kwenye kioo inachotwa kutoka RAM hiyohiyo, hivyo njia ya pili inaonekana faida yake hasa ukicheza video au ukihariri picha.

Kwa mama wa Msamvu nilishauri vipande viwili vya GB 4 kwenye sloti zilizo wazi, vya zamani vibaki, jumla GB 12. Vyake vya zamani vilikuwa vya 1333 na vipya ni vya 1600. Vikichanganywa hivyo vyote vinakwenda kwa mwendo wa kile cha polepole. Katika kazi za steshenari tofauti hiyo huioni. Kinachoonekana ni ukubwa. Mashine yenye sloti mbili tu na zote zimejaa, kama OptiPlex 390, huna budi kutoa vya zamani.

Ukienda dukani, chomoa kipande kimoja cha zamani uende nacho mfukoni, kikiwa ndani ya bahasha ya karatasi. Kiweke sambamba na unachouziwa: pengo lilingane, herufi zilingane. Angalia meno yasiwe na mikwaruzo mizito wala weusi wa kuungua, na stika isiwe imebandikwa juu ya stika nyingine. Kisha omba kipimwe kwenye mashine mbele yako. Kununua RAM ya mtumba bila kuiona ikisoma sikushauri hata kama muuzaji ni ndugu yako. Na risiti iandike siku za kurudisha.

Kufungua na kupachika

Zima Windows huku umeshikilia kitufe cha Shift unapobonyeza Shut down, maana Windows 10 kwa kawaida haizimiki yote. Inahifadhi sehemu yake kwenye diski ili iwake haraka kesho. Chomoa waya wa umeme kabisa kutoka nyuma ya kasha. Kuzima swichi ya ukutani peke yake hakunitoshi mimi. Halafu bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Kwenye bodi nyingi kuna taa ndogo inayobaki inawaka muda wote waya ukiwa umechomekwa. Isipozimika, usitie mkono.

Laza kasha kwenye meza ya mbao, upande wa kava ukitazama juu. Kwenye 7010 ya kusimama huhitaji bisibisi: vuta kishikizo kilichoko kwenye kava, inyanyue, imetoka. Gusa chuma cha ndani cha kasha kwa mkono mtupu kabla hujagusa kitu kingine, na urudie kila ukiinuka na kurudi. Chaji ya mwilini, ambayo wewe mwenyewe huisikii, inatosha kuua chipu. Kama chumba kina zulia, fanyia kazi pengine.

Mashine za huku kwetu zikifunguliwa utakuta vumbi jekundu limejaa kwenye feni na katikati ya sloti. Litoe kabla ya kupachika chochote. Tumia brashi laini kavu ya rangi, mpya, na kama una mashine ya kupuliza ipulize nje ya nyumba huku umezuia feni kwa kidole isizunguke. Sloti zilizokaa wazi miaka mingi zimeshiba vumbi kuliko zenye RAM, kwa hiyo zisafishe kwa makini zaidi, ukipitisha brashi kwa urefu wa sloti, si kwa upana.

Sloti ziko pembeni mwa prosesa, ndefu, zimepangana. Klipu zake kwenye OptiPlex hii zina rangi mbili, nyeupe na nyeusi, na kila jozi inatakiwa ikae kwenye rangi moja. Vipande vya zamani vilikuwa kwenye nyeupe. Hivi vya GB 4 ndivyo nilivyoviweka kwenye nyeupe, na vile vya GB 2 nikavihamishia kwenye nyeusi. Ramani ya sloti mara nyingi imechapwa upande wa ndani wa kava. Iangalie, kwa sababu mashine nyingine zinapanga rangi zao tofauti.

Sukuma klipu za pande zote mbili zilale nje. Shika kipande kwa kingo, vidole visiguse meno. Linganisha pengo na kidaraja kilichoko ndani ya sloti. Kisimamishe wima, kiteremshe mpaka kikae, ndipo uweke dole gumba kila ncha na kusukuma pande zote kwa pamoja. Inataka nguvu kuliko mgeni anavyotegemea, bodi inaweza hata kubonyea kidogo, na utasikia klipu zikijifunga zenyewe: tik upande huu, tik upande ule. Klipu isiyojifunga maana yake kipande hakijaingia. Usiifunge kwa kidole kuilazimisha. Kitoe, geuza mwelekeo, anza upya. Ukimaliza, inama utazame kwa upande: mstari wa meno ya dhahabu unaobaki juu ya sloti uwe mwembamba na sawa mwanzo hadi mwisho. Ukiwa mnene upande mmoja, upande huo haujashuka.

Kuwasha, na pale inapogoma

Rudisha waya, kioo na kibodi, uwashe kava likiwa bado wazi. Mara ya kwanza mashine inaweza kukaa giza kwa muda kuliko kawaida, au kujizima na kujiwasha yenyewe. Ivumilie. Dell nyingi zitakuletea ujumbe kwamba kiasi cha kumbukumbu kimebadilika na kukutaka ubonyeze F1 kuendelea au F2 kuingia kwenye mipangilio. Ingia kwa F2 uone kama jumla yote imesomwa. Kwenye HP ni F10.

Ikilia badala ya kuwaka, hesabu milio. Kwenye OptiPlex za rika hili, milio miwili ni kwamba haijaona RAM yoyote, minne ni kwamba RAM ina hitilafu. HP Compaq nyingi hulia mara tano na taa nyekundu kumetameta mara tano kwa kosa la RAM. Usiogope, mara nyingi ni kipande ambacho hakijakaa vizuri. Chomoa umeme tena, toa vyote, sugua meno taratibu kwa kifutio safi cha penseli, pangusa mabaki kwa kitambaa chenye spiriti isiyo na maji mengi, acha pakauke, upachike kipande kimoja tu kwenye sloti ya kwanza. Ikiwaka, ongeza cha pili. Endelea hivyo mpaka umjue mkorofi. Ukimpata, mjaribu kwenye sloti nyingine kabla ya kumhukumu, kwa sababu wakati mwingine mbovu ni sloti na kipande ni kizima.

Mashine ikiwaka lakini Windows inaonyesha pungufu, na ni ya biti 64, fungua msconfig, ingia Boot, kisha Advanced options, uangalie kama kuna alama kwenye Maximum memory. Ikiwepo, iondoe na uwashe upya. Kuna watu waliiweka wakiamini inaongeza kasi.

Usiitoe mikononi kabla ya kuipima

RAM inaweza kuwasha mashine na bado ikawa na sehemu mbovu. Ubovu huo unajitokeza wiki ijayo, Excel ikifunga ghafla au faili la mteja likikataa kufunguka, na hakuna atakayekumbuka RAM. Kwa hiyo pima. Njia ya karibu ni kuandika mdsched kwenye kisanduku cha utafutaji cha Windows na kukubali mashine ijiwashe upya. Njia ninayoiamini zaidi ni Memtest86+, programu ya bure unayoiweka kwenye flashi na kuiwasha kwa F12 kwenye Dell. Iache imalize angalau mzunguko mmoja mzima. Kwa GB 12 unaweza kwenda kula na kurudi bado inaendelea. Umeme ukikatika katikati utaanza mwanzo, basi kama una UPS itumie, au chagua saa ambazo umeme wa mtaa wako umetulia. Kosa hata moja, mstari mmoja tu mwekundu, kipande kirudi dukani na risiti yake. Hakuna kosa dogo kwenye RAM.

Ya mama ilipita bila kosa. Tukafungua vilevile vyote tulivyofungua mwanzo, na Memory ikasoma GB 6.2 kati ya 11.9, diski imetulia. Alituma karatasi kuprinti huku Chrome ina kurasa zake zote, ikatoka papo hapo, akaita binti yake aje aone.

Nilimweleza pia kwamba msaada wa Microsoft kwa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba prosesa yake haimo kwenye orodha inayokubaliwa rasmi na Windows 11. Kwa GB 12 Linux Mint itakwenda vizuri sana, na WhatsApp Web na kurasa za TRA zinafunguka humo kama kawaida. Programu yake ya picha ndiyo inayomzuia kwa sasa, kwa hiyo tutaijaribu Mint kwenye flashi kwanza bila kugusa diski.

Kabla ya kurudisha kava, chukua kalamu ya wino usiofutika uandike upande wake wa ndani: tarehe, ukubwa wa kila kipande na sloti kilimokaa, na kwamba kipimo kilipita. Fundi atakayeifungua baada yako ataanzia hapo.